Kilo Zilizopotea Kati ya Wamaza na Kasongo

Mwanangu, asubuhi ile ningali naikumbuka. Nimesimama ndani ya butike yangu, duka langu hapa Kasongo, kipande cha mkaa mkononi, nahesabu mistari niliyoichora ukutani. Usicheke. Shule niliiacha mapema sana, lakini kwa hesabu ya kichwa hapakuwa na kijana sokoni wa kunishinda, na mpaka leo sijamwona.

Nilikuwa nanunua mpunga kwa wakulima wa Wamaza. Napima mwenyewe, nalipa, kisha shemeji yangu Shabani, mume wa dada yangu Zaina, anausindikiza kwa lori mpaka Kasongo. Kila mstari ukutani ulikuwa kilo kumi. Siku hiyo mwenye kinu alikuja kununua, akapima magunia yote, na kilo zake hazikupatana na mistari yangu. Zilipungua karibu magunia mawili mazima. Nikapima tena kwa mizani yangu. Ikawa vilevile.

Njiani mpunga ulikuwa na nani? Na Shabani. Nikamwita mbele ya watu, nikamwambia kesho tutakwenda tribinali, mbele ya hakimu. Aliapa mpaka sauti ikapotea. Zaina naye akaja analia, mtoto mgongoni, akasema mume wake akifungwa kwa neno langu, mlango wangu hataukanyaga tena. Nikamjibu kwamba hesabu haina shemeji. Nilijiona mwanaume kweli.

Jioni akaingia Mzee Ramazani, ndugu wa marehemu baba, mtu aliyezeeka akiuza mpunga na chumvi. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nina gunia ambalo Shabani hajaligusa. Lilikuwepo moja, nililolileta mwenyewe safari iliyotangulia, likakaa chumbani kwangu, ufunguo shingoni mwangu. Akasema tulipime. Kule Wamaza nililinunua likiwa na kilo themanini. Mizani ikasema sabini na tano.

"Humu chumbani nani aliiba?" akaniuliza. "Ao ni weye mwenyewe unatafuna mupunga mubichi usiku?"

Nikaugusa ufunguo shingoni mwangu.

"Batu walivuna mu mvua, walikuwa na haraka ya pesa ya kodi. Weye ukanunua mupunga pamoja na maji yake. Sasa maji imekauka, imeenda. Mu hesabu yako, ile maji uliiandika wapi?"

Mwanangu, niliketi juu ya lile gunia, nikacheka kama mgonjwa aliyeachwa na homa. Hapakuwa na mwizi. Dada yangu hakuolewa na mwizi. Nikatoka mbio mpaka kwa Shabani, nikamkuta anafunga nguo zake mbili tatu, anajitayarisha kwa jela. Nikawaita walewale waliokuwapo asubuhi, nikasema mbele yao kwamba kosa ni langu.

Shabani akafungua kifurushi chake polepole. "Basi leta chakula, shemeji. Leo sikukula sababu yako."

Zaina ndiye aliyechelewa kulainika. Alinipakulia wali mtupu, bila mboga. Nikaula wote.

Leo nanunua mpunga Wamaza na Nyangwe, nyumba yangu ina bati jipya, na makarani wenye seritifika za shule wanakuja kuniuliza ninavyofanya. Nawaambia, kwa nini niwafiche? Kabla sijataja bei, natoa kwanza kile kitakachokauka, kitakachomwagika, na kile tutakachokula nyumbani.

Nawe fanya hivyo. Andika kilichoingia na kilichotoka, na kile kilichopungua chenyewe ukiandike pia, siku ileile, kabla hujala. Pima unapopokea, upime tena kabla ya kuuza. Na hesabu ikikataa, iulize kwanza hesabu yenyewe, halafu ujiulize wewe. Watu waulize mwisho kabisa, tena kwa sauti ya chini.

Mungu aitie baraka biashara yako, ndugu zako wasikuogope, na kila ukifunga daftari ulale bila kumdhania mtu vibaya. Amina.