Kura Iliyomrudisha Avril Threlkeld

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya kuhesabu kura za udiwani, Avril Threlkeld aliingia katika ukumbi wa michezo wa Harthwaite akiwa amevaa koti lake la bluu la vikao, na kifuani amebandika ua la utepe wa kijani. Meza zilikuwa zimepangwa juu ya mistari ya uwanja wa mpira wa vikapu. Makarani wa kuhesabu, wengi wao walimu wastaafu, walikuwa wameshaanza kuzikunjua karatasi za kata ya Skelbrook. Hakuna aliyeinua kichwa kumsalimu, maana kanuni haziruhusu, lakini yeye aliona kama wanamkwepa.

Alikuwa diwani wa Skelbrook kwa miaka kumi na sita. Kabla ya hapo alikuwa mpishi wa shule ya msingi, akiwapakulia watoto viazi vya kuponda na njegere, na angezeekea jikoni humo kama lori lisingemgonga mtoto wa darasa la pili pale Barabara ya Mfereji. Mtoto alivunjika mguu. Siku iliyofuata Avril alitoka na aproni yake, akasimama katikati ya barabara na upawa mkononi, akazuia malori mpaka watoto wote wakavuka. Alifanya hivyo kila siku hadi halmashauri ilipoona aibu, ikachora kivuko. Majirani wakamwambia agombee. Akagombea, akashinda.

Tangu hapo muuza nyama wa sokoni hakumwita tena Avril. Alimwita Diwani, tena mbele ya wateja, na wateja wakageuka kumtazama. Watu walimsimamisha njiani kumuuliza habari za mapipa ya taka na taa zilizozimika, wakangoja jibu lake. Nyumbani hakuna aliyengoja jibu lake. Mumewe, Desmond, fundi mstaafu wa kiwanda cha mazulia, alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache yalikuwa "mjinga wewe." Aliyasema bila hasira, kama waume wengine wanavyosema "mpenzi." Avril akisahau birika jikoni, mjinga wewe. Akilia mbele ya televisheni, mjinga wewe. Kama angeshindwa uchaguzi huu, Jumatatu angeamka hana pa kwenda wala mtu wa kuzungumza naye ila Desmond.

"Shemeji, tulia," alisema Clive, mdogo wake Desmond, aliyekuwa wakala wa uchaguzi wa Avril. "Unatafuna huo utepe."

"Nimetulia."

"Umetulia kama kuku aliyeona kisu."

Mpinzani aliyemtisha alikuwa Rupert Sandiford, dalali wa nyumba mwenye umri wa miaka thelathini na minne na meno mazuri kupita kiasi. Wagombea wengine wawili, Bwana Eccleshare na Bi Lunt, walikuwa wameachwa mbali, tayari wanakunywa chai. Vifurushi vya Avril na vya Sandiford vilikuwa vinakua bega kwa bega mezani. Vilipohesabiwa mara ya pili vilikuwa sawa, kura kwa kura.

Ilibaki karatasi moja yenye shaka.

Msimamizi wa uchaguzi, Bi Hesketh, mwanamke mwembamba asiyependa mzaha, aliwaita wagombea na mawakala wao, akailaza karatasi mezani ili kila mtu aione. Mpiga kura hakuweka alama ya X popote. Badala yake aliandika neno kwenye kila kisanduku. Mbele ya Eccleshare aliandika: *Nani?* Mbele ya Lunt: *Mwongo.* Mbele ya Sandiford: *Mwizi.* Na mbele ya Threlkeld: *Mjinga, lakini basi, huyu.*

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Sheria inanitaka nitafute nia ya mpiga kura," alisema Bi Hesketh. "Hainitaki nitafute adabu yake. Nikiikubali, ni kura ya Diwani Threlkeld, na ameshinda. Nikiikataa, wawili hawa wamefungana, na tutachomoa jina kutoka kwenye kopo. Nawasikiliza."

Avril hakuwahi kushinda hata sabuni katika bahati nasibu ya kanisa. Alimtazama Clive.

"Bi Msimamizi, hapa pana ugumu gani?" Clive alianza. "Huyu mtu anamchagua shemeji yangu. Wengine kawatukana, huyu kamsamehe."

Sandiford akatabasamu. "Samahani, mimi naona matusi manne, sioni kura hata moja. Tena hilo neno la mwisho haliwezi kumhusu Diwani. Huyu ndiye mama aliyezuia malori kwa upawa. Maktaba ya Skelbrook isingekuwa wazi leo bila yeye. Wazee wa Mtaa wa Kinu wanapata chakula cha moto kila Jumatano kwa sababu yeye aligonga milango ya ofisi hadi wakachoka naye. Anajua kila mfereji wa kata hii unaelekea wapi. Mpiga kura wa Skelbrook anayemwita Avril Threlkeld mjinga hajui anachoandika, na karatasi ya mtu asiyejua anachoandika ni karatasi iliyoharibika."

Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyesimama mbele ya watu akayasema hayo. Avril alitamani Desmond angekuwepo ayasikie. Kisha akakumbuka kwamba akiaminiwa mtu huyu, yeye amekwisha.

"Uongo," alisema Clive.

"Upi?"

"Hapo kwenye akili." Clive alikunja mikono ya shati. "Nisamehe, shemeji, ni kazi. Bi Msimamizi, Skelbrook nzima inamwona hivyo. Muulize yeyote. Nani alipeleka shada la rambirambi kwa mzee Pocklington, na Pocklington mwenyewe ndiye aliyefungua mlango?"

Sasa vicheko havikujificha. Karani mmoja aliweka kalamu chini.

"Nani alikusanya sahihi za watu mia tatu kuzuia choo cha sokoni kisifungwe, kumbe kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia? Nani aliagiza mti wa Krismasi wa futi kumi na mbili, ukaja wa mita kumi na mbili, na barabara ikazibwa siku nzima? Watu wanamjua. Wanamcheka, halafu wanampa kura, kwa sababu mwingine mwizi na mwingine mwongo. Hiyo karatasi haina shaka hata kidogo. Hiyo ndiyo kata ya Skelbrook yenyewe imeandika."

"Mti ule ulikuwa kosa la muuzaji," Sandiford alisema kwa upole. "Nimeona hati. Diwani hakuwa na hatia."

Ilikuwa kweli. Avril alikuwa amejitetea kuhusu mti ule kwa miaka minne, na hakuna aliyemsadiki.

Bi Hesketh alivua miwani. "Bwana Clive, ushahidi wako ni wa vichekesho. Bado sijaridhika kwamba neno hili ni la kumchagua mtu. Diwani, wewe una la kusema?"

Avril alitazama karatasi. Mwandiko ulikuwa wa kawaida, herufi kubwa zilizokandamizwa kwa penseli ya kituo cha kura, ile inayofungwa kwa kamba. Alimtazama Sandiford, ambaye alikuwa anamwinamishia kichwa kwa heshima, kama mtu anayemfungulia bibi mlango wa kutokea nje.

"Mjinga ni mimi," alisema.

"Ongea kwa sauti, tafadhali. Mawakala wasikie."

"Mjinga ni mimi. Ni neno langu. Hata nyumbani naitwa hivyo." Aligeuka kumtazama Bi Hesketh. "Na mti ule niliuagiza mimi. Nilikosea mwenyewe."

Bi Hesketh akaivaa miwani yake, akaichukua karatasi kwa ncha za vidole, na kuiweka juu ya kifurushi cha Avril Threlkeld.

Palipigwa makofi alipotangazwa. Sandiford alikuwa wa kwanza kumpa mkono, akainama karibu na sikio lake. "Yale niliyosema, usiyaweke moyoni, mama. Ulikuwa mchezo wa siku tu. Ile maktaba yako tutaifunga hata hivyo, chama chetu kina kura za kutosha katika halmashauri."

Nje, kwenye maegesho, Clive alikuwa bado anacheka. "Umeona nilivyowamaliza?"

"Umewamaliza. Lakini ulikuwa unasema tu, Clive. Si ndiyo?"

Clive alitafuta ufunguo wa gari mifukoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Umeshinda, shemeji," alisema. "Panda gari."

Habari ilienea kabla hawajafika sokoni. Muuza nyama alitoka dukani na aproni yake. "Diwani, kura moja tu? Hiyo ilikuwa yangu." Akacheka, akamfungia soseji za bure. Mwenye duka la nywele alimwita kutoka mlangoni: "Ile moja ni mimi, usinisahau." Kasisi naye alisimamisha baiskeli, akamwambia anaamini kwamba ile ya ziada ilikuwa yake. Ulikuwa mzaha mmoja, wala hawakuwa wamepatana. Avril alimshukuru kila mmoja, na kila mmoja alipogeuka alimtazama mkono, akijiuliza kama ndio ulioshika penseli ile.

Desmond alikuwa mezani anamenya yai.

"Vipi?"

"Nimeshinda. Kwa kura moja."

Alitia chumvi kwenye yai, akalikata katikati, akalitazama kama limeiva.

"Basi ni yangu hiyo," alisema.

Hakuwa anacheka. Desmond hakuwa mtu wa mzaha. Avril alibaki amesimama na soseji mkononi, koti lake la vikao bado mwilini, akingoja aongeze neno. Desmond alianza kula.

"Asante," alisema Avril, akaenda kuweka birika.