Viti vya Kuazima na Safari ya Ng'ambo ya Busisi

Nilitoka Kisesa kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na nalisema mapema msije mkadhani nilikwenda kutembea. Binti yangu Tabu alikuwa akiuza maandazi kwenye lango la shule. Korona ikaja, shule zikafungwa, mtaji tukaula, akahamia kwangu na wanawe watatu. Ugonjwa ulipopita, walikuja watu wa mradi kuandika kaya maskini. Tulistahili kuandikwa. Lakini mimi mgeni haji kwangu akakaa chini. Niliazima viti vinne kwa jirani, nikaazima na vikombe, nikachinja jogoo wa mwisho, nikavaa kitenge cha harusini. Walikula, wakashukuru, wakaandika kwamba hapa pana uwezo. Tabu hakunisemesha siku mbili.

Sasa mdogo wangu Kabula, anayekaa ng'ambo ya Busisi, akapiga simu kwamba kikundi chao cha kina mama wanaoanika dagaa kina nafasi moja. Mtoto wa Tabu alikuwa na homa, kwa hiyo nilikwenda mimi kumwombea Tabu nafasi hiyo.

"Usiharibu tena, mama," aliniambia mlangoni.

"Nani kamzaa mwenzake hapa?" nikamjibu, nikaondoka.

Asubuhi Mabatini nilishuka kubadili gari. Maduka yalikuwa yanafunguliwa. Mzee wa Kihindi niliyekuwa nikinunua kwake vitenge aliinua mkono. Sijui alinikumbuka au alikuwa anafukuza nzi. Nilimwamkia hivyo hivyo.

Kigongo, pale tulipozoea kusubiri kivuko mpaka miguu inavimba, gari halikusimama. Lilipanda tu darajani likaenda juu ya maji. Ukungu ulikuwa umefuta ziwa chini na mbingu juu, nikaona kama barabara imening'inizwa mahali pasipo na mwisho. Nikamwona marehemu mume wangu amesimama kwenye kivuko cha zamani, kofia mkononi, ananitafuta kwa macho. Sikuwa nimelala. Nilitaka kumpungia, nikaona haya mbele ya abiria. Kabla sijaamua, tulikuwa Busisi.

Ufukweni kwa kina Kabula vichanja vimejengwa kwa miti na nyavu, safu kwa safu mpaka karibu na maji. Dagaa walikuwa wanang'aa juu yake hata nikadhani ziwa lenyewe limeanikwa. Wanawake walipita katikati polepole, hakuna anayepaza sauti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Na wewe umezeeka. Njoo."

Njiani alinieleza desturi yao. Wakati wa korona mwenzao mmoja alikaa na njaa siku nne, akichemsha maji matupu ili majirani waone moshi. Walijua siku alipoanguka mchangani. Tangu hapo, kabla ya kugeuza dagaa, kila mmoja anasema jana kwake kulipikwa nini. Aliye na shida zaidi ndiye anayefikiriwa kwanza.

Mwenyekiti wao, mama mmoja Mjita mwenye kifua kipana, akaanza kuuliza.

"Ugali na mlenda."

"Viazi."

"Ugali na chumvi."

Mjane mmoja akasema, "Sikupika." Hakuna aliyegeuka kumwangalia.

"Na mgeni wetu?"

"Wali kwa kuku," nikasema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Eh! Kina mama, tuhamieni Kisesa!" mmoja akadakia, wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Basi, bibi, binti yako asubiri. Nafasi ni ya mwenye shida."

Wakainama kugeuza dagaa. Sauti ya dagaa wakigeuzwa ni kama mvua ndogo kwenye majani makavu. Nilisimama na kikapu changu, jua linaniumiza macho, na ndani ya mng'ao ule nikaviona vile viti vinne vya jirani vimepangwa kando ya maji, vitupu, vinanisubiri.

"Nimesema uongo!" nilipaza sauti. "Jana kwangu ulipikwa uji wa mhogo, hauna sukari. Watoto walikunywa. Mimi na Tabu tulisema tumeshiba."

Kisha yule mjane akasogeza dagaa wake kwa mkono.

"Kichanja changu ni kirefu," alisema. "Aje aanike upande huu."

"Umesikia, bibi?" akasema mwenyekiti. "Jumatatu aje. Na asituletee kuku."

Walicheka, na mimi nikacheka mpaka nikajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Jioni, wakati wa kurudi, ukungu ulikuwa umeondoka darajani. Ziwa lilikuwa wazi lote. Nilitafuta kivuko, hakikuwepo.

Tabu alikuwa mlangoni. "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia uji."

Kisha akabeba viwili kati ya vile viti vya kuazima, vilivyokuwa bado kwetu, mimi nikabeba viwili, tukavirudisha kwa jirani.

Nilichojifunza ni hiki, na ninyi wenzangu mnaojificha mnisikie: msaada haujui nyumba inayojipamba. Umaskini wangu niliupamba kwa mikono yangu, wajukuu wakaulipia kwa matumbo yao. Watu wa mradi wakirudi nitawakaribisha kwa heshima zote. Watakunywa maji. Watakaa mkekani, pale ninapokaa mimi.