Kaka alikata mtutu wa bunduki ya babu ili baba aweze kuibeba Idi

Wakuu, salaam.

Leo naandika jambo lililotokea nyumbani kwetu Muscat, miaka ya tisini mwishoni. Sitii chumvi hata punje. Ingekuwa uongo ningelala vizuri zaidi.

Sisi ni wale wanaoitwa Wazinjibari. Baba kazaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima, akapata kazi wizarani, tukakaa mtaa wa Al Khuwair. Kiarabu chake kilikuwa na lafudhi ya Ng'ambo ya Unguja mpaka anaingia kaburini.

Kaka yangu Nassor alikuwa na hobby moja tu, bunduki kongwe. Rifle, shotgun, yoyote mradi iwe ya zamani. Weekend anajifungia kwenye banda la uani na msumeno na tupa, anapunguza mtutu, anachonga kitako upya, anavisha pete za fedha.

Huku si ajabu. Bunduki ni pambo la mwanamume siku ya harusi na Idi, kama jambia. Mzee mmoja wa kijiji cha Yiti alimletea shotgun ndefu karibu kumshinda yeye mwenyewe, akaondoka na kitu cha kubeba kwapani, anacheka peke yake. Mama alikuwa akisema, "Huyu akikosa bunduki atanikatia miiko yangu ya kupikia."

Moja tu hakuwahi kuigusa. Ya babu.

Babu alipokwenda Unguja aliiacha kijijini, huko milimani, kwa mdogo wake Hamed. Baba alipokuja Oman, ndugu wa kule walimtazama kama mgeni. Mpaka siku ile Ami Hamed, kama baba alivyomwita, alipoishusha ukutani akamkabidhi, akamwambia chukua, wewe wa kwetu.

Tangu hapo kila Idi tunakwenda kijijini. Wanaume wa ukoo wanapanga safu, wanatembea wakiimba, kila mmoja na bunduki ya babu yake. Baba yumo. Wakuu, cheo cha wizarani hakikuwahi kumpa furaha ile.

Kisha kiharusi kikampata. Mkono wa kulia ukalegea. Ramadhani inakaribia kwisha, tukamwona sebuleni anajaribu kuinua bunduki, inamshinda, anairudisha chini.

"Mwaka huu siendi," akasema. "Siwezi kusimama mikono mitupu mbele ya watu."

Nassor alilia. Halafu akaichukua bunduki, akaenda nayo bandani. Alidhani kapata dawa.

Asubuhi ya Idi akamletea baba bunduki fupi, nyepesi, imevishwa fedha. Wallahi ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Baba aliitazama weee, kisha akanigeukia mimi, "Haya, tayarisheni gari." Nadhani hakutaka kumvunja moyo mwanawe.

Kijijini safu imeshapangwa. Ami Hamed akafika mbele ya baba, akasimama. Akaichukua ile bunduki, akapitisha kidole pale ulipokatwa mtutu.

"Nani kaikata hii?"

Nassor akajibu, "Mimi, babu. Nimempunguzia baba uzito."

"Hii amana ya ukoo. Tulikupeni mkae nayo, hatukukupeni mkate."

Hakupaza sauti. Akaondoka nayo. Safu ikaanza kutembea, baba akabaki pale pale, mkono mzima umeushika ule mbovu.

Tukarudi Muscat. Baba hakwenda tena kijijini, na hakuna aliyemwita. Nassor alikwenda kuomba radhi, akapewa kahawa na halwa, akasikilizwa vizuri kabisa. Bunduki hakupewa. Aliporudi akalitia banda kufuli.

Idi iliyofuata baba hajiwezi, yuko kitandani. Nje majirani wanapeana mkono wa Idi. Akauliza, "Bunduki yangu iko wapi?"

Nassor akatoka, akarudi na kile kipande cha mtutu alichokikata, akamwekea kiganjani, mkono ule ule uliolegea.

Baba akakiinua. Si sana, shibiri moja hivi kutoka kwenye shuka.

"Hii nnaiweza," akasema.

Tulimzika Muscat, siyo kijijini kwa baba zake.

Funzo nililopata ni hili: cha ukoo usikitengeneze bila kuuliza ukoo, hata nia yako ikiwa safi kama maziwa. Mapenzi nayo yanataka ruhusa. Nassor mpaka leo hashiki msumeno, hata bomba la jikoni likiharibika huita fundi.

Kipande kiko kwangu kabatini. Kukitupa siwezi, kukipeleka naogopa.

Kama humu kuna mtu wa kule milimani aniambie ukweli, nikienda nacho mlangoni kwao, watanifungulia? Karibuni, hata wa kunisema aseme, nitasoma zote.