Kitambaa Cheusi cha Kujaribia Tochi

Ndani ya kile kitambaa kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, jasho la shingo za wanaume, na bati lililopashwa moto na jua. Kilikuwa kipande cha blanketi jeusi, kizito, ambacho mama alikishonea kitenge kikuukuu kwa ndani ili kisipitishe mwanga, na papa, baba yangu, alikitumia kila siku mezani pake katika soko kuu la Kisangani. Papa aliuza tochi. Tochi haijaribiwi juani. Chini ya jua, nzuri na mbovu hufanana, na ndiyo maana muuzaji mwongo huipenda saa sita ya mchana kuliko saa nyingine zote. Kwa hiyo papa alikuwa na njia yake: mnunuzi aliinama na kuingiza kichwa chini ya kitambaa, papa akaingiza chake upande wa pili, nami Masika, mtoto wake wa kwanza, nikashika pindo na kulikandamiza mezani. Aliyepita njiani aliona miili miwili isiyo na vichwa imeinamia meza, na msichana mwembamba amekishikilia kitambaa kama anayezuia kuku wasitoroke. Watoto wa wauza makayabu, yule samaki mkavu wa chumvi, walitucheka sana. Mimi sikujali. Mara kwa mara papa aliniruhusu niingize kichwa changu pia, na humo ndani nilijifunza mambo ambayo mpaka leo sijayasahau.

Nilijifunza kwamba tochi zote hung'aa zinapowashwa tu, na kwamba mtu mwenye haraka hununua mng'ao huo wa kwanza na kurudi nyumbani na bati tupu. Papa alimwambia mnunuzi atulie macho yazoee giza, kisha atazame duara la mwanga. Likiwa na doa jeusi katikati, kioo cha ndani kimepinda. Likianza jeupe na kugeuka manjano kabla hamjamaliza kusalimiana, betri ni za zamani zilizofutwa vumbi. Alimwambia atikise tochi karibu na sikio, asukume kitufe mbele na nyuma mpaka kidole kichoke, afungue kifuniko cha nyuma na kukifunga tena ili aone kama hesi za kuzungushia zinashikana. Hapo ndipo alipouliza swali lake kubwa: ni ya nyumba au ni ya gari? Kwake hizo zilikuwa bidhaa mbili tofauti kabisa, na hakumwacha mtu atoke chini ya kitambaa kabla hajaelewa kwa nini. Watu walimtania. Papa Saidi, dereva aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi, alikuwa akisema kwa sauti ili meza zote zisikie, "Papa Masika, we unauzishaka maneno. Torche unatupatia matabishi tu," yaani nyongeza ya bure. Papa alicheka, akakohoa kikohozi chake kifupi, akaendelea kueleza pale alipoachia.

Hiyo ilikuwa miaka ya vita. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yameingia mjini kutoka mashariki, pamoja kama marafiki, kisha yakaugawana mji mtaa kwa mtaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa tukiwa wadogo, lakini wageni hawa walikuja na vizuizi barabarani. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuja na kutoweka bila taarifa, kwa hiyo biashara ya papa haikufa kama biashara nyingine. Magari yalichukuliwa na askari karibu yote, na watu wakabaki kubebwa nyuma ya baiskeli, zile tunazoziita toleka. Pikapu nyeupe ya Papa Saidi ilichukuliwa asubuhi moja mbele ya nyumba yake, akiwa bado na mswaki mdomoni. Lakini hilo halikumuumiza kama mto. Mkewe, Mama Zaituni, alikuwa ameshuka Basoko, mji ulio chini ya mto, na binti zao kumzika mama yake, na walipokuwa huko mto ukafungwa, kwa sababu upande wa chini ulikuwa mikononi mwa jeshi jingine. Hakukuwa na boti wala habari. Papa Saidi, mtu wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa mji huu, mpenda mzaha na mpenda kula, alianza kukonda kama mshumaa.

Ndipo kitambaa kikapata kazi ya pili. Sokoni hakuna aliyethubutu kuuliza habari waziwazi, kwa maana hukujua sikio la jirani linalishwa na nani. Lakini vichwa viwili vikiwa gizani, na mikono yote minne ikionekana nje mezani, mtu angeweza kunong'ona. Wachuuzi wa samaki kutoka Wagenia, wanaojua kila mtumbwi unaopita, waliinama kujaribu tochi na kumwachia papa neno moja au mawili. Papa Saidi naye alikuja kila siku kulichukua. Cha ajabu ni kwamba papa hakuwahi kumpa habari moja kwa moja. Alianza na tochi. Alimweleza yote, kitufe, kioo, hesi, nyumba na gari, na mwishoni kabisa ndipo alipomwambia kuhusu mto. Nilikuwa nikisikia Papa Saidi akilalamika kutoka chini ya kitambaa, "Bon, nimesikia, nimesikia, jana ulisema ile ile." Sijui kama ilikuwa busara ya papa au tabia yake tu.

Habari njema ilikuja siku ya soko kubwa, wakati wa mvua ndogo. Mvuvi mmoja alikubali kumshusha Papa Saidi kwa mtumbwi, kwa kujificha kwenye vijito, mpaka mahali ambapo angeweza kutembea kwa miguu kufika Basoko. Wangeondoka Jumapili. Papa alimnong'oneza hayo, na Papa Saidi alipotoa kichwa chake nje uso wake ulikuwa umelowa. Alijifuta kwa kiganja na kusema joto ni jingi. Nyuma yake walikuwa wamesimama askari wanne.

Waliwachukua wote wawili, pamoja na kikapu cha tochi na kitambaa chenyewe, mpaka kwenye baraza ya duka la zamani walilolifanya ofisi. Mimi sikukamatwa, niling'ang'ania pindo la shati la papa tu, na hakuna aliyejali kunibandua. Mkubwa wao alikuwa mtu mtulivu, akila ndizi za kuchoma kwenye sahani ya bati. Kiswahili chake kilikuwa kikavu, cha mtu aliyejifunza kwa kuamuru. Aliuliza watu wazima wawili wanasemezana nini kila siku wakiwa wamefunika vichwa. Papa alijibu kwamba anaonyesha tochi. "Mukutano mwenye nguo kichwani," alisema mkubwa, "sijaona." Papa akasema, kwa sauti ile ile aliyowaambia wanunuzi wote, "Chef, ingia utaona." Akatandaza kitambaa juu ya meza. Askari waliinua bunduki walipoona kichwa cha mkubwa wao kinapotelea gizani pamoja na kichwa cha mtuhumiwa. Nikashika pindo kama nilivyozoea. Nilisikia papa akianza, taratibu, "Kwanza acha macho yazoee, chef."

Alipotoka, mkubwa alikuwa akipepesa macho, na kwa muda mfupi alionekana kama mnunuzi yeyote. Lakini hakuwa mjinga. Alimsogeza papa mbali mpaka ukutani, akamgeukia Papa Saidi. Huyu ndiye aliyekuwa hatarini, na hata mimi mtoto nilielewa: papa alikuwa na meza na bidhaa, lakini Papa Saidi alikuwa amekuja siku baada ya siku na hajawahi kununua hata betri. "Donc sema wewe. Alikuambia nini?" Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini siku ile niliogopa kwamba ya mkweli ilikuwa fupi zaidi.

Papa Saidi alinyoosha mgongo. "Chef, alisema torche ya nyumba na torche ya mutuka haziko moja. Ya nyumba imwange mwanga kama maji kwenye sahani, mama aone sufuria na mutoto pamoja. Ya mutuka itupe mbali. Na isiwe ya mviringo, ukiiweka chini itabingirika mpaka chini ya mutuka, utalala kwa matope kuitafuta. Itikise kwa sikio, ikilia uiache. Ukiiweka ndani ya mutuka, betri moja uigeuze kichwa chini, isijiwashe yenyewe. Na kama jua iko kali, toa betri zote, zitatoa chumvi na kuiua." Kisha akakohoa kikohozi kifupi, sawasawa na cha papa. Askari mmoja alicheka, wa pili akafuata. Hata papa, pale ukutani, aliinamisha kichwa kama mwalimu aliyesikia mwanafunzi mtukutu akijibu vizuri.

"Uko na mutuka?" aliuliza mkubwa.

"Niko nayo, chef. Ile nyeupe pale nje. Iko kwenu. Siku mutairudisha, sijui kama itakuwa na taa."

Hakuna aliyecheka tena. Mkubwa alitafuna ndizi yake akaimeza. Aliuliza pikapu ina ugonjwa gani, kwa sababu inavuta upande. Papa Saidi alimweleza, breki ya gurudumu la kushoto, namna ya kuitibu, namna ya kuibembeleza mlimani. Aliyajua magonjwa ya gari lile kama mzazi anavyoyajua ya mtoto. Alipomaliza, mkubwa alifuta vidole na kusema dereva wao anaiua pikapu; kuanzia siku ile Papa Saidi ataiendesha yeye. Tulirudishiwa kitambaa. Kikapu cha tochi kilibaki.

Jumapili mtumbwi ulisubiri ukaondoka bila mtu. Nasi tuliendelea kumwona Papa Saidi akipita sokoni nyuma ya usukani wake mwenyewe, na askari ubavuni. Hakuweza kusimama. Mara moja tu alisimama, alipotumwa betri, na yule askari akaingiza kichwa chake pia chini ya kitambaa, kwa hiyo vikawa vichwa vitatu. Nilishika pindo. Papa alieleza kama kawaida, kwa tochi chache alizobaki nazo. Nikasikia Papa Saidi akiuliza, "Hii inatupa mwanga mpaka Basoko?" na askari akaangua kicheko. Papa akaizima tochi, akasema, "Haifike." Walipotoka, mama, aliyekuwa amemletea papa chakula, alimpa Papa Saidi lituma, ndizi ya kupondwa, iliyofungwa kwenye jani. Aliila amesimama kando ya mlango wa gari, haraka, akilamba vidole.

Zile tochi walizotunyang'anya zilifanya kazi nzuri mno. Zilitumiwa kupekua nyumba, na papa alizitambua kwa mwanga wake, jinsi duara lilivyokuwa safi bila doa ukutani kwa jirani. Alikuwa amewachagulia watu kilicho bora. Nyumbani kwetu ikawa desturi: mwanga ukipita chini ya mlango, kila mtu aliacha kupumua, mpaka mdogo wangu wa kunyonya alijifunza kunyamaza.

Kisha yale majeshi mawili yakageukiana, na mabomu yakaruka juu ya mapaa yetu kutoka upande mmoja wa mji kwenda wa pili. Tulilala sakafuni kwenye ukumbi mwembamba, tukiwa na magodoro madirishani. Kulipotulia, papa alitembea mpaka darajani Tshopo na kurudi na masizi mikononi. Pikapu ilikuwa pale, imeungua mpaka chuma. Watu wa mtaa ule walikuwa wameshazika waliowakuta barabarani, ndani ya bustani za mchicha, bila kujua majina. Hakuna aliyeweza kumwambia kama dereva alikuwa miongoni mwao.

Mama Zaituni alipanda kutoka Basoko boti ziliporuhusiwa tena. Alikuja moja kwa moja mezani kwetu. Papa, aliyeweza kumweleza mtu yeyote jambo lolote, alimsimulia yote tangu mwanzo, baraza, pikapu, mtumbwi ulioondoka. Alijaribu kumweleza kwamba maneno aliyomfundisha mumewe ndiyo yaliyomwokoa, na ndiyo yaliyompeleka kwenye usukani. Alipofika hapo akaanza kukikunja kile kitambaa. Mama Zaituni hakumlaumu. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mumewe alikuwa na njaa tulipomwona mara ya mwisho. "Hapana," alisema papa. "Alikula lituma. Aliikula yote." Mama Zaituni akatikisa kichwa kukubali, akaomba maji.

Sasa papa hayupo, na mimi nina duka langu la vifaa vya umeme mjini hapa hapa. Tochi za siku hizi ni nyepesi, taa zake ndogo nyeupe haziungui ovyo, na kila simu ina tochi yake. Bado nawaambia wateja wasitegemee simu, kwa sababu siku gari litakapoharibika njia ya Bafwasende watahitaji chaji ya kuita msaada na mikono miwili ya kufungua tairi. Nawaambia wasihesabu wingi wa vitaa usoni. Wawashe, wakae nayo, waone kama mwanga unadumu. Wengi hunisikiliza kwa upole, na wachache hurudi kushukuru. Mto uko wazi, boti za Basoko zinaondoka zimejaa magunia na nyimbo, na vijana wanalalamikia nauli. Sisemi kwamba tumepona. Mvua ya radi ikipiga, wenye umri wangu bado tunatazamana. Lakini juzi umeme ulikatika, na jirani alikuja kuazima chumvi akiwa na tochi mkononi. Mwanga ulipita chini ya mlango, ukatembea sakafuni mpaka miguuni pangu, nami nikaacha kupumua. Mwanangu mdogo aliinuka akakimbilia mlangoni, akauliza kwa sauti kubwa, "Ni nani?", na kabla hajajibiwa alikuwa ameshafungua.