Bambo nililoshika mwenyewe

Jamani, leo nimeshinda ubishi na ninajuta.

Wiki nzima sijatulia. Nimepata nafasi mbili za masta: takwimu za afya Dar es Salaam, ndiko roho inakotaka, na takwimu za jumla Dodoma, ada nafuu. Mwisho wa kuthibitisha ni kesho.

Asubuhi hapa nyumbani Masakta kaja mnunuzi wa maharage. Akamwamkia mama shikamoo, kisha akachoma gunia la mbele kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli. Juu juu tu.

"Mazuri," akasema.

Nyie mngenyamaza, si ndiyo?

Mimi na digrii yangu sikuweza. Nikamwambia gunia moja haliwezi kuyasemea yote kumi na mawili. Sampuli isiwe na upendeleo, na bambo lifike chini!

Mama akakohoa. Nikadhani ni vumbi.

Mnunuzi akanipa bambo. "Haya dada, chagua wewe."

Nikaenda gunia la nyuma kabisa, nikazamisha bambo mpaka mwisho.

Yakatoka maharage ya mwaka jana, yametobolewa na wadudu. Mama alikuwa ameyachanganya makusudi.

Bei ikashuka kwa magunia yote. Na hayo magunia ndiyo ada yangu.

Mnunuzi kaondoka akinishukuru kwa somo. Mama hata hajanigombeza. Kanawa mikono, akasema taratibu:

"Wiki nzima unaniuliza ukasome wapi. Ni Dodoma, mwanangu. Umeshachagua, tena kwa mkono wako."