Simu ya Bundi Chumbani kwa Mama Mkwe

Bundi aliuza spea za magari pale Makutano, Meru, na kama kuna mtu aliyenichosha mwaka wa 1997, ni yeye. Mimi Koome ni fundi wa simu. Nimepanda nguzo miaka kumi na minane, na sina subira na mtu anayenifundisha kazi yangu. Lakini Bundi alikuwa na sababu ya kunisumbua, na sababu yenyewe ilikuwa imelala ghorofa ya tatu.

Mkewe, Ruguru, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii daktari alimwambia asitoke kitandani, na akiona damu hata tone moja, apelekwe hospitali papo hapo. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, duka lilikuwa chini, na katikati palijaa wapangaji na redio zao na watoto wao, bila kusahau kinu cha posho cha mlango wa pili kilichomeza kila sauti. Ruguru angeita mpaka koo likauke. Ndipo Bundi akanunua simu isiyo na waya, ile yenye kitako kinachochomekwa kwenye umeme na mkono unaoweza kutembea nao nyumbani. Kitako alikiweka dukani, ilikokuwa laini. Mkono akampelekea mkewe. Mkono ukawa bubu.

"Fundi, hii kitu niliuziwa ikiwa mbovu."

"Si mbovu. Umeijengea zege juu, unataka ipite wapi?"

Nikapanda ngazi nimeuweka mkono sikioni. Ghorofa ya kwanza ulisikika vizuri, ila uliingiliana na simu ya jirani mwenye chombo kama hicho, nikamsikia akiagiza mbuzi wa harusi. Nikabonyeza kitufe cha kubadilisha mkondo, akapotea na mbuzi wake. Ghorofa ya pili ukaanza kukwaruza. Ya tatu, kimya. Dawa ilikuwa wazi: nivute laini hadi ghorofa ya pili, kitako kikae katikati, chini ya chumba cha Ruguru moja kwa moja.

Bundi akashusha macho. "Hapo ni kwa mama mkwe."

Mama Nyamu, mamake Ruguru, alikuwa ametoka Runyenjes kuja kumtunza binti yake. Kwa kuwa mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, Bundi alimkodishia chumba ghorofa ya pili. Alipika huko, akapanda kumlisha Ruguru wakati Bundi yuko dukani, kisha akashuka mbio. Yeye na Bundi hawakuwa wamewahi kuongea wawili. Wakikutana kwenye ngazi, mmoja aligeukia ukuta. Salamu zao zilipitia kwa Ruguru.

"Simu yangu ikae chumbani kwa mama mkwe? Koome, unataka nilaaniwe?"

"Simu haijui mkwe ni nani! Wewe unataka heshima ama unataka mtoto?"

Nilijuta mara tu maneno yaliponitoka. Bundi alifutafuta meza isiyo na vumbi. "Mtoto," akasema.

Basi nikaenda kumwona mama mwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu, "Weka." Nikakiweka kitako juu ya kabati, nikamwonyesha kitufe chekundu cha spika yake: kikilia, bonyeza hapa, utamsikia Ruguru, na akiwa na shida utume mtoto dukani. Tulipojaribu, Ruguru alisikika safi kutoka juu. Nikaenda zangu nimeridhika.

Kesho yake Bundi alinifuata hadi nyumbani. Mkono umekufa tena. Hasira zilinipanda, maana nilidhani amechokorachokora kazi yangu. Nikaenda kwa Mama Nyamu, nikakuta juu ya kabati hakuna kitu. Waya ulishuka ukutani, ukapita chini ya kitanda, ukaingia kwenye sanduku la bati. Sanduku lilikuwa na kufuli.

"Mama, umefungia simu?"

"Ni ya mume wa Ruguru," alisema. "Sauti yake inakaa huko ndani. Sasa mimi nitavua nguo wapi? Mbele ya mkwe?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu hakuwa akitania hata kidogo. Nikamweleza kwamba simu haina macho, kwamba haisikii kitu mpaka ibonyezwe, na kwamba bati linazuia mawimbi yote. Akatikisa kichwa. Habari ya mawimbi haikuwa shida yake. Nikatazama huku na huku, nikaona kiondo chake cha mkonge. Mkonge hauzuii chochote. Nikapigilia msumari, nikatundika kiondo, nikatumbukiza kitako, antena ikachomoza. Yeye akakifunika kwa kitambaa alichokifuma maua, akasogea nyuma kukagua.

"Hapo sawa," akasema. "Hapo hanioni."

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa dukani nikimfungia Bundi simu ya kawaida kwenye laini hiyo hiyo. Tukasikia ukelele ulioshinda hata kinu. Mama Nyamu alikuwa ameinama kwenye ukuta wa baraza ya ghorofa ya pili, leso imemtoka kichwani.

"Bundi! Bundi! Ruguru amenipigia, ameona damu!"

Alimwita mkwe wake kwa jina, mbele ya Makutano nzima. Bundi aliruka meza. Dakika chache baadaye pikapu ya mteja iliondoka na Ruguru amelazwa nyuma kwenye godoro, mumewe akimshikilia. Mama Nyamu alipofika chini na shuka za mtoto, gari lilikuwa limeshapinda kona. Akarudi chumbani bila kunitazama. Nami nikabaki kulinda duka.

Saa saba kasoro simu ikalia. Laini ilikuwa moja, kwa hiyo ililia dukani na kwenye kiondo kwa pamoja, na nilipoinua, Mama Nyamu alikuwa ameshabonyeza. Ilinipasa kuweka chini. Sikuweka.

"Haro?" mama akaita.

Bundi alitegemea nipokee mimi.

"Mama," akasema mwishowe. "Ni mimi. Ni Bundi."

Akaendelea haraka kama anayekimbizwa.

"Ni msichana, mama. Wamemfanyia Ruguru operesheni, lakini ako sawa. Mtoto pia ako sawa. Amelia, nimemsikia mwenyewe."

Nilidhani mama ameondoka. Kisha akasema, "Sema tena."

"Ni msichana. Wako sawa wote wawili."

"Sema tena, mwanangu. Sema polepole."

Bundi akaanza tena tangu mwanzo, sauti ikimkatika, na mama akawa anaitikia kila neno, ĩĩ, ĩĩ. Hapo nikaweka simu chini. Mteja mmoja alikuwa kwenye meza akiulizia plagi. "Ni msichana," nikamwambia.