Bomba la Uani kwa Mama Ethel

Watu wa mtaani kwao pale Newala watakwambia kwamba Anjelina, Mama Ethel, alizaliwa na mdomo. Waongo. Mpaka binti yake Ethel anafika darasa la saba, Anjelina alikuwa mtu wa "haya" na "sawa", mwimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisani, mwanamke ambaye hata kuku wa jirani akimlia mbegu zake alimfukuza kwa upole. Mdomo aliupata mara moja tu, mwaka ule wa bomba, na waliompa wanajulikana kwa majina.

Kule juu ya uwanda wao maji hayakuwa jambo la kuchezea. Mvua inanyesha, mchanga unayanywa yote, na kiangazi kikikaza maji yako bondeni, chini kabisa ya mteremko. Kushuka ni rahisi. Kupanda na ndoo kichwani ndiyo kazi, na kazi hiyo walipewa wanawake bila mtu kuwauliza. Anjelina alianza kushuka na kindoo cha bati kabla hajaanza shule. Alishuka akiwa mwali, alishuka akiwa bibi harusi, alishuka na mimba. Mimba ya pili ilimtoka huko huko njiani wakati wa kupanda. Wenzake wakamfunga kanga, wakamkokota mpaka nyumbani, na ndoo yake wakaibeba. Mtoto yule hakupewa hata jina, na Anjelina alipopata nguvu za kusimama, ndoo ilikuwa pale pale mlangoni.

Basi zikaja siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Korosho ambazo zamani zilipelekwa chama cha ushirika, mwenyewe akaambiwa arudi baadaye kufuata chake, sasa zilifuatwa na malori ya wanunuzi mpaka mlangoni, mali kwa pesa. Maduka ya Masasi mjini, ambayo Anjelina aliyajua kwa vumbi na viberiti, yakajaa redio, baiskeli, mabati na mabomba ya chuma. Zamani kupata koki moja ya maji ulitakiwa umjue mtu. Sasa ulitakiwa uwe na korosho tu.

Na korosho Anjelina alikuwa nazo. Mikorosho ilikuwa ya mama yake, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya mama yake, kwa sababu huko kwao shamba na nyumba hufuata upande wa mama, na mume ndiye anayehamia. Mumewe Bartholomayo, seremala, alihamia hapo na begi moja na randa zake. Msimu ule Anjelina na Ethel waliokota korosho mpaka maji ya mabibo yakawachubua vidole. Bartholomayo hakuokota. Alikuwa na kiuno, na kiuno chake kilikuwa na tabia ya kupona lori la korosho likishaondoka.

Anjelina alikwenda Masasi mwenyewe kununua vifaa. Mabomba yakafungwa juu ya lori pamoja na magunia, lakini koki alikataa isiwekwe kokote. Aliishika mapajani njia nzima, ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na kila lori liliporuka shimo aliipapasa kuona kama ipo. Bomba kuu la mradi wa maji lilikuwa linapita kando ya barabara ya mtaani kwao. Aliyetaka kuvuta maji kwake alijinunulia vifaa, akachimba mtaro wake mwenyewe kutoka barabarani, kisha akamwita fundi.

Fundi bomba alikuwa Shamte, mtu wa kazi nyingi na maneno machache. Akaja, akapima kwa hatua, akasema mtaro uwe wa kina cha goti. Anjelina akauchimba yeye na Ethel, kuanzia barabarani, kuzunguka jiko, mpaka uani. Alijua koki itakaa wapi. Itakaa nyuma ya jiko, kati ya jiwe la kufulia na kibanda cha kuogea, mahali ambapo mwanamke anaweza kuchota maji akiwa amejifunga kanga moja bila kuonekana na wapita njia. Hapo akachomeka kijiti.

Shamte akaahidi kuja juma lile. Kabla hajaja, ikaletwa habari kwamba mama yake mdogo Anjelina amefariki Chiungutwa.

"Baba Ethel, mimi na Ethel tunakwenda kuzika," Anjelina alimwambia mumewe. "Shamte akija, kijiti kile pale. Hapo ndipo koki inakaa."

"Nenda, mke wangu. Nitasimamia mwenyewe."

Aliyasema hayo kwa ile sauti yake. Bartholomayo alikuwa anasifiwa mtaa mzima kwa upole. Wanawake wenye waume wakali walimwambia Anjelina kwamba amebahatika. Jamani, mtu anaweza kukuibia kwa sauti ya chini kuliko ya kuombea chakula.

Anjelina alirudi matanga yalipokwisha, akimwacha Ethel kwa bibi zake amalizie likizo. Kutoka barabarani aliona mtaro wake umefukiwa, udongo umesawazishwa vizuri, na moyo ukamruka kwa furaha. Hakuingia hata ndani. Alizunguka jiko mbio mbio, mzigo ukiwa bado kichwani.

Kijiti kilikuwa kimesimama peke yake.

Akakitazama. Akatazama jiwe la kufulia, akatazama kibanda cha kuogea, akazunguka kibanda kana kwamba koki inaweza kujificha. Ndipo aliposikia maji yanamwagika kwenye sufuria, ng'ambo ya barabara, nyumbani kwa wifi yake Dorika, dada wa Bartholomayo.

Alivuka barabara. Koki yake ilikuwa pale uani kwa Dorika, imesimama juu ya kisakafu cha saruji kilichokuwa hakijakauka sawasawa. Dorika alikuwa ameinama anasuuza vyombo, na maji aliyaacha yaende tu, kama mtu aliyezaliwa nayo.

"Wifi! Pole na msiba," Dorika akasema. "Umeona kazi ya kaka? Njoo uchote muda wowote, ni kwenu hapa. Ubishe hodi tu kwanza, maana mlango wa uani tunaufunga."

Abishe hodi! Anjelina akageuka, akavuka barabara kurudi kwake. Alimkuta mumewe kivulini mbele ya nyumba anapiga randa ubao.

"Baba Ethel, bomba langu liko wapi?"

"Ah, umerudi. Pole na safari. Msiba umekwendaje huko?"

"Bomba."

Bartholomayo akapuliza maranda, akaweka randa chini polepole. "Mama Ethel, maji ni maji. Pale kwa dada si mbali, ni kuvuka barabara tu. Umetoka kushuka bondeni mpaka kuvuka barabara, hiyo si nafuu?"

"Nilikuonyesha kijiti."

"Ulinionyesha. Lakini mila unaijua. Mimi hapa ni mtu wa kuja. Nikifa kesho mtafunga randa zangu mzirudishe kwetu, basi. Kwetu ni pale kwa dada, na wale wapwa ndio watu wangu. Mwanamume asiyewawekea wapwa zake kitu, huyo ni mwanamume gani?"

"Wawekee. Wawekee chako!"

"Usipaze sauti. Watu watasikia."

Hapo ndipo mdomo ulipokuja. Ulikuja wote kwa pamoja, na Mungu amsaidie aliyekuwa karibu. Anjelina alimwambia kuhusu kiuno chake. Alimwambia kwamba wapwa zake hao hawajawahi kuinama kuokota hata korosho moja. Alimwambia, na barabara nzima ikasikia, kwamba alimwacha mtoto wake mteremkoni kwa ajili ya ndoo ya maji ya mumewe kuogea, na kwamba yeye Bartholomayo alioga maji yale. Wapita njia wakasimama. Mtu mmoja akashuka kwenye baiskeli. Bartholomayo akaokota randa yake akaingia nayo ndani, akiwa ameinamisha kichwa, na wapo waliomwonea huruma yeye.

Mambo ya namna hiyo hayamalizwi na mke na mume. Akaitwa mjomba wake Anjelina, mzee Erasto wa Chiwata, kaka wa marehemu mama yake, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo wao. Alifika Jumamosi asubuhi akiwa na mkewe, Bi Julia, mkaza mjomba wake Anjelina, mwanamke mwembamba aliyekuwa haongei mbele za wanaume. Wanaume, pamoja na wazee wachache wa mtaani, wakapewa viti hapo uani. Bi Julia, Dorika na Anjelina wakakaa kwenye mkeka. Kijiti kilikuwa nyuma yao, bado kimesimama.

Kila upande ukasema ya kwake. Mzee Erasto akasikiliza amefumba macho, kisha akakohoa.

"Bartholomayo, umekosa," akasema. Anjelina akashusha pumzi. "Umekosa kwa kutomwambia mwenzio. Kwa hilo utatoa kuku, tule, yaishe. Lakini kosa la kumtunza dada yako, hilo mimi silioni."

"Njomba!" Anjelina akasema.

"Ngoja. Wewe mwanangu umesema sana, na sasa usikie." Mzee akanyoosha fimbo kuelekea juu ya nyumba. "Mabati yale aliyaweka nani? Mimi. Mama yako alikuwa anavujiwa na nyasi, nikasema dada yangu hawezi kuvujiwa nami nipo. Unadhani niliyatoa wapi? Ni korosho za huyu." Akamwonyesha Bi Julia kwa kidevu. "Umewahi kumsikia analalamika? Ndivyo tulivyo. Hata wewe umelala chini ya mabati hayo maisha yako yote, na hukuuliza."

Alilisema kwa kujisifu, na wanaume wakatikisa vichwa kwamba mzee amesema. Bartholomayo akanyanyua uso kwa mara ya kwanza siku ile.

Na lilikuwa kweli. Anjelina alikuwa amelala Chiwata kwa mjomba wake mara nyingi. Alikuwa amemsaidia Bi Julia kutega mabeseni chini ya makuti wakati wa mvua, akadhani ni umaskini tu. Hasira aliyokuwa nayo kwa ajili ya bomba ikaongezewa nyingine isiyokuwa yake, na aibu juu yake. Akageuka pale pale mkekani.

"Mkaza mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni kweli mabati yale ni yako?"

Bi Julia alikuwa anang'oa nyuzi za mkeka. Mzee Erasto akaanza kukohoa tena, lakini bibi akasema, "Nilikuwa nimeyaegemeza ukutani. Nikaenda kwa mama kujifungua. Nimerudi, naona ukuta."

Hata Dorika, ambaye alikuwa na lake la kusema tangu asubuhi, alitazama chini.

"Basi yachukue," Anjelina akasema.

"Unasemaje wewe?" mjomba akauliza.

"Namwambia mwenyewe. Mkaza mjomba, njoo uchukue mabati yako. Ngazi ya Baba Ethel ile pale. Nitakushikia."

Wanaume wakacheka. Mzee Erasto ndiye aliyecheka zaidi, akapiga fimbo chini, akasema kweli mtoto huyu ana kichaa cha msiba. Alikuwa bado anacheka wakati Bi Julia aliposimama, akaikaza kanga yake kiunoni, akauliza, "Nyundo ipo?"

"Mama, kaa chini," mumewe akamwambia.

Bi Julia hakukaa. Anjelina aliegemeza ngazi, akaikanyaga kwa mguu, akaishika kwa mikono miwili, na mwanamke yule mzee akapanda. Msumari wa kwanza ulilia mpaka barabarani. Wa pili ukafuata. Bati likainuka upande mmoja, na mwanga ukaingia ndani ya nyumba mahali ambapo haukuwahi kuingia.

"Njomba, mwambie ashuke!" Bartholomayo alikuwa amesimama. Ile sauti ya upole ilikuwa imepotea. "Hicho ni chumba tunacholala!"

Mzee Erasto aliwatazama wanaume wenzake, na hakuna aliyemtazama, kwa maana kila mmoja wao alikuwa na dada, na kila mmoja alikuwa na mke nyumbani. Bati la kwanza likashuka mikononi mwa Anjelina.

"Kachukue sururu," mzee akasema.

"Njomba?"

"Bartholomayo, kachukue sururu ukalifukue lile bomba, ulilete hapa! Unataka nyumba iishe?"

Bartholomayo akaenda. Dorika akamfuata mbio akipiga yowe, na punde, kutoka ng'ambo ya barabara, ikasikika sururu inagonga saruji. Mtu akatumwa akamwite Shamte.

"Bi Julia," mzee akaita kutoka chini, kwa kubembeleza sasa. "Mke wangu. Bomba limekwisha kurudi. Teremka."

Bi Julia alikuwa ameupitisha mdomo wa nyundo chini ya msumari mwingine.

"Mkaza mjomba, umesikia?" Anjelina akamwuliza. "Bomba linarudi."

"Nimesikia. Bomba ni lako, mwanangu, nimefurahi," Bi Julia akasema. "Pokea hili la pili."

Anjelina alilipokea, akaliegemeza ukutani kando ya lile la kwanza, akarudi kushika ngazi.